Mchezaji wa Tano

Neno akiba lina heshima yake katika Kiswahili. Mama huweka akiba ya nafaka ghalani, mkulima huweka akiba ya mbegu, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba akiba haiozi. Lakini neno hilo hilo likiingia uwanjani hubadilika sura. Muhula uliopita, katika shule yetu hapa Uganda, tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi namna maneno yanavyoungana kwa kiunganishi -a. Tuliwapa fungu la maneno "mchezaji wa akiba", tukawataka walieleze. Wengi walijibu bila kufikiri kuwa ni yule asiyejua kucheza. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akaongeza: "Mwalimu, ni yule anayelinda nguo za wenzake." Darasa zima likaangua kicheko.

Nasi tulicheka, hatukatai. Lakini jibu lile halikututoka akilini. Je, ni kweli kwamba anayeitwa akiba nyumbani ni hazina, na anayeitwa akiba uwanjani ni mabaki? Tulitafuta mchezo ambamo swali hili limewahi kuwaumiza watu vichwa, na mchezo tulioupata uko mbali sana na ikweta yetu. Ni mchezo wa barafuni, uitwao kalingi. Tunaomba msomaji atuvumilie tuueleze kwa ufupi, maana bila ya kuufahamu hataona uzito wa habari yenyewe.

Kalingi ilianza Uskoti karne nyingi zilizopita, kwenye maziwa yaliyoganda. Timu mbili hupokezana kutelezesha mawe ya matale juu ya uwanja mwembamba wa barafu, wenye urefu wa kama mita 45, ili yasimame karibu na kitovu cha duara iliyochorwa upande wa pili. Duara hiyo wenyewe huiita nyumba. Jiwe moja lina uzito wa karibu kilo 20, na mawe ya Olimpiki hutokana na matale ya kisiwa kidogo kiitwacho Ailsa Craig, pwani ya Uskoti. Mmoja anapotupa, wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakiifagia barafu kwa fagio ili jiwe lisipungukiwe na mwendo wala lisipinde mapema. Nahodha husimama penye nyumba akielekeza. Wachezaji ni wanne, kila mmoja hutupa mawe mawili katika kila mzunguko, na katika Olimpiki mchezo mzima una mizunguko 10.

Wanne, basi. Wa tano ndiye wa akiba. Naye ana hali ya ajabu, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza akiba wawili au watatu kama katika kandanda; yupo yeye peke yake. Tena kwa sheria timu yaweza hata kucheza bila ya kumwita: mmoja akiugua, watatu waliobaki hugawana mawe, wawili wa kwanza wakatupa matatu matatu na nahodha mawili. Kwa hiyo mchezaji wa tano huchaguliwa kwa nafasi ambayo huenda isihitajike kamwe. Ndiyo maana kumchagua ni kazi ngumu. Kumchagua nahodha mzuri hakuhitaji maelezo, kwani mawe yake huonekana. Lakini mtu ambaye huenda asitupe jiwe hata moja achaguliwe kwa kipimo gani?

Tukirudi nyuma hadi mwanzo, twakuta kwamba swali hili lilikuwapo tangu Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi, iliyofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Timu zilizoshindana katika kalingi zilikuwa tatu tu: Uingereza, Uswidi na Ufaransa. Waingereza, ambao kwa hakika walikuwa Waskoti, waliwashinda Waswidi kwa 38 kwa 7, kisha wakawashinda Wafaransa kwa 46 kwa 4. Mmoja wao, Robin Welsh, alikuwa na umri wa miaka 54. Waswidi walipeleka wachezaji wanane, wakalitatua tatizo la akiba kwa njia rahisi kupita zote: wanne walicheza na Uingereza, na wanne wengine wakacheza na Ufaransa. Wote wanane wamo katika orodha ya waliopata medali ya fedha. Twaipenda hesabu hiyo. Kwa bahati mbaya ilifaa kwa mashindano ya mechi mbili tu, na tena kwa muda mrefu wakuu wa Olimpiki hawakuwa na hakika kama kalingi ya 1924 ihesabiwe mashindano rasmi. Hukumu ilitolewa mwaka 2006, wachezaji wote wakiwa wamekwisha kufariki.

Baada ya Chamonix mchezo huu uliingia Olimpiki kwa maonyesho tu, mwaka 1932, kisha 1988 na 1992. Ulirudi rasmi Nagano, Japani, mwaka 1998. Hapo ndipo habari ya mchezaji wa tano inapoanza kunoga, nayo inaanza na mtu aliyeitwa Paul Savage.

Savage alikuwa Mkanada, bingwa wa dunia wa mwaka 1983 katika timu ya Ed Werenich. Kalingi ya enzi zile ilikuwa mchezo wa jioni, wa watu waliotoka kazini, na mchezo ukiisha wapinzani hukaa pamoja wakanywa. Ilipotangazwa kuwa itaonyeshwa Calgary mwaka 1988, wakuu wa chama cha Kanada walitaka wachezaji wafanane na wanariadha wengine wa Olimpiki. Savage na Werenich waliambiwa wapunguze uzito. Mabingwa wa dunia, wanapimwa matumbo! Hawakufika Calgary. Lakini miaka kumi baadaye timu ya Kanada ilipofunga safari ya Nagano chini ya nahodha Mike Harris, mchezaji wa tano alikuwa Paul Savage huyo huyo, mwenye umri wa miaka 50. Safari hii hawakutafuta umbo la mwanariadha. Walitafuta mtu aliyekwisha kuona kila aina ya barafu.

Timu hiyo ilifika fainali. Siku ya fainali Harris alikuwa mgonjwa wa mafua makali, naye aliuanza mchezo vivyo hivyo, akiwa nahodha. Mawe yake hayakumtii. Uswisi ilishinda kwa 9 kwa 3, na Kanada ikarudi na fedha. Tangu siku hiyo wapenzi wa kalingi wamebishana kama nahodha mgonjwa angepaswa kukaa kando. Kwa maoni yetu si haki kumlaumu Harris peke yake. Timu iliyofika fainali kwa mkono wa mtu mmoja haimwondoi mtu huyo kwa urahisi, hata akiwa na homa. Lakini tukio lile liliwafundisha wengi kwamba haitoshi kuwa na akiba. Sharti iwe imeamuliwa mapema ni lini itafunguliwa.

Yafaa hapa tueleze jinsi Kanada inavyochagua, maana ndiyo nchi yenye wachezaji wengi kupita zote. Wao kwa kawaida hawakusanyi wachezaji bora mmoja mmoja. Huandaa mashindano ya mchujo, na timu inayoshinda huenda Olimpiki nzima nzima, kama ilivyo. Mchezaji wa tano huongezwa na timu yenyewe kwa kushauriana na walimu wake. Kwa sababu hiyo aghalabu hutoka miongoni mwa watu wanaoaminiana. Wanawake wa Kanada waliopata dhahabu Nagano, wakiongozwa na Sandra Schmirler, walikuwa na Atina Ford kama mchezaji wa tano, na mwalimu wa timu alikuwa Anita Ford, mama yake Atina. Mtu wa mbali angesema huo ni undugu. Aliye karibu angejua kwamba mtu atakayekaa nanyi wiki mbili bila ya kucheza, asinune, asipeleke maneno, hapatikani kwa kutangaza nafasi gazetini.

Tena mtu huyo ana kazi, na kazi yenyewe hufanyika usiku. Mawe ya kalingi, ingawa yamechongwa kwa kipimo kimoja, hayafanani. Jiwe hili huenda mbali kidogo kuliko lile, na lile hupinda kidogo kuliko hili. Michezo ya siku inapokwisha na watazamaji kwenda zao, mchezaji wa tano hubaki uwanjani pamoja na mwalimu, akitupa moja baada ya moja mawe yatakayotumiwa kesho yake, huku wakiandika tabia ya kila moja. Asubuhi nahodha huletewa karatasi: mawe haya mawili yanakwenda sawa, mpe fulani, hili lina kichaa, lipewe anayetupa kwanza. Hesabu ikikosewa usiku, mchezaji wa nne hukosa mchana, na lawama humwangukia yeye. Sisi tuliowahi kusahihisha madaftari kwa taa ya mafuta tunaielewa kazi ya namna hii.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa sifa ni Mari Motohashi wa Japani. Alikwisha kucheza Olimpiki za 2006 na 2010, kisha mwaka 2010 akaanzisha timu yake mwenyewe, Loco Solare, katika mji wa kwao wa Kitami, kisiwani Hokkaido. Mwaka 2015 alijifungua mtoto. Alipokuwa akilea, timu ilisonga mbele chini ya nahodha mpya, Satsuki Fujisawa. Katika Olimpiki ya PyeongChang ya mwaka 2018 mwanzilishi wa timu alikuwa mchezaji wake wa tano. Msomaji atafakari: umejenga nyumba, umerudi, umekuta kiti chako kina mwenyewe, na wewe unapewa kiti cha mlangoni. Motohashi alikikalia. Japani iliishinda Uingereza kwa 5 kwa 3, ikapata shaba, medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Kanada, wa mwaka 2005 na 2006. Katika jimbo la Newfoundland, kisiwa cha wavuvi kilichoko mashariki kabisa mwa Kanada, palikuwa na vijana walioongozwa na Brad Gushue. Mwaka 2001 walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana, na mmoja wao alikuwa Mike Adam. Walipojiandaa kwa mchujo wa Olimpiki, ambao ulifanyika Halifax mwezi Desemba 2005, walimwalika mtu mzima awe nao: Russ Howard, bingwa wa dunia wa 1987 na 1993, mtu wa sauti kubwa iliyokauka kwa kuwapigia wafagiaji kelele. Gushue alikuwa na miaka 25. Howard angeweza kumzaa. Hapo mwanzo Howard alikuja kama mchezaji wa tano, mshauri tu. Baadaye ilidhihirika kwamba timu ingekuwa na nguvu zaidi akiwa ndani. Mmoja wa wanne ilibidi atoke, na aliyetoka ni Mike Adam. Alikubali kurudi nyuma, mgeni akashika nafasi yake, naye akawa wa tano katika timu aliyokua nayo tangu ujana.

Hatujui maneno mazuri ya kulieleza jambo hili kwa mwanafunzi. Kisheria hakuna aliyemdhulumu Adam. Kimichezo uamuzi ulikuwa sahihi: Gushue alitupa mawe ya mwisho, Howard akasimama penye nyumba akielekeza, wakamshinda Jeff Stoughton kwa 8 kwa 7 katika fainali ya mchujo, wakaenda Italia. Tarehe 24 Februari 2006 waliwashinda Wafini kwa 10 kwa 4, ikawa dhahabu ya kwanza ya wanaume wa Kanada katika kalingi. Serikali ya Newfoundland ilifunga shule mchana ule ili watoto watazame. (Tulipowasomea wanafunzi wetu sentensi hii walishangilia kuliko tulivyotazamia.) Mchezo ulipokwisha Gushue aliomba simu ampigie mama yake, ambaye alikuwa akiugua saratani. Mike Adam naye alivikwa dhahabu.

Na bado twajiuliza. Kama timu ingeshindwa, nani angelikumbuka jina la Adam, na kwa namna gani? Ushindi umeifanya habari yake iwe habari ya kujitolea. Kushindwa kungeifanya iwe habari ya kuonewa, na tendo lenyewe lingekuwa lile lile. Hapa ndipo tunapoona uzito wa kumchagua mtu wa kukaa nje. Wanaochagua huangalia mawe yajayo tu, lakini yule anayechaguliwa hubeba uamuzi huo hata mawe yakiisha kutupwa.

Kinyume cha habari hiyo ni ya Marekani, mwaka 2010 huko Vancouver. Nahodha wa Wamarekani, John Shuster, alipoteza mechi nne za kwanza mfululizo, nyingine kwa tofauti ya pointi moja tu, na mara kadhaa jiwe lililokosa lilikuwa la mwisho, lake mwenyewe. Mwalimu wa timu, Phill Drobnick, akafanya jambo ambalo wenzake wa Kanada hawakulifanya mwanzoni mwa fainali ya Nagano: alimkalisha nahodha. Aliyeingia ni Chris Plys, mchezaji wa tano, kijana wa miaka 22. Wengine walipanga upya nafasi zao, na siku hiyo wakaishinda Ufaransa kwa 4 kwa 3 baada ya mzunguko wa nyongeza. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza. Shuster alirudishwa baadaye, lakini timu ilimaliza ya mwisho, imeshinda mara 2 na kushindwa mara 7.

Watu wengi walimcheka Shuster. Baada ya Olimpiki ya 2014, ambayo nayo haikuwa nzuri kwake, chama cha Marekani kilimwacha nje ya orodha ya wachezaji wa kuandaliwa. Akakusanya wengine walioachwa, wakaunda timu. Tarehe 24 Februari 2018 waliwashinda Waswidi kwa 10 kwa 7, wakiwa wamepata pointi 5 katika mzunguko wa nane, na Marekani ikapata dhahabu yake ya kwanza katika kalingi. Mchezaji wao wa tano alikuwa Joe Polo, ambaye mwaka 2006 alicheza pamoja na Shuster katika timu iliyopata shaba. Yaani safari hii nahodha alipoulizwa amtake nani wa kumketisha nyuma yake, alimchukua aliyemjua tangu zamani. Na Plys, kijana aliyeingia mahali pa nahodha mwaka 2010? Mwaka 2022 huko Beijing alikuwa mmoja wa wanne, msaidizi wa Shuster mwenyewe. Twakiri kwamba hatukutegemea kukuta watu wawili waliopishana kwa namna ile wakicheza bega kwa bega.

Mengine tuyapitie kwa haraka. Mwaka 2010 timu ya wanawake ya Kanada, chini ya Cheryl Bernard, ilikuwa na mchezaji wa tano aitwaye Kristie Moore, mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano. Hawakumwacha. Walipata fedha, baada ya kushindwa na Uswidi kwa 7 kwa 6 katika mzunguko wa nyongeza. Miaka minane baadaye Bernard mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 51, alikuwa mchezaji wa tano wa Rachel Homan huko PyeongChang, na safari hiyo wanawake wa Kanada walirudi mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu mchezo uwe rasmi. Hekima ya akiba haikuizuia timu kushindwa, wala hatuoni sababu ya kudai ingeweza.

Imebaki njia ya Waingereza, iliyo tofauti na ya Kanada, na hatuna hakika kama tunaipenda. Mwaka 2021 wanawake wao walikuwa wa nane katika mashindano ya dunia, nafasi isiyotosha kuwapeleka Beijing. Wakuu wa mchezo hawakuiacha timu ijichagulie watu wake. Waliwaweka wanawake tisa katika kundi moja, wakawajaribu kwa kuwachanganya hivi na hivi, kisha wakachagua watano, nahodha akiwa Eve Muirhead. Wanne waliobaki hawakuwa hata akiba. Mtu anayethamini urafiki wa timu ataona ukatili katika njia hiyo; anayethamini haki ataona kwamba angalau kila mmoja alipimwa kwa mawe yake, si kwa udugu. Sisi tunaegemea upande wa pili, ila si kwa moyo wote. Kundi lile lilishinda ubingwa wa Ulaya Novemba 2021, likafuzu mwezi Desemba huko Leeuwarden, Uholanzi, na tarehe 20 Februari 2022 likacheza fainali na Japani.

Siku hiyo kila upande ulikuwa na wake wa tano. Kwa Waingereza alikuwa Mili Smith, binti aliyepatikana kwa mchujo wa wale tisa. Kwa Wajapani, katika timu ile ile aliyoianzisha Motohashi, alikuwa Kotomi Ishizaki, mama wa miaka 43, aliyekwisha kuwapo Salt Lake City mwaka 2002 na Vancouver mwaka 2010 bila ya kupata medali. Mmoja alichaguliwa na wakuu kwa hesabu, mwingine aliitwa kwa ajili ya miaka yake. Uingereza ilishinda kwa 10 kwa 3. Smith alipata dhahabu, na Ishizaki akapata fedha, akawa na umri mkubwa kuliko Mjapani yeyote aliyewahi kupata medali katika Michezo ya Majira ya Baridi.

Juma lililopita tuliliuliza darasa tena maana ya mchezaji wa akiba. Yule kijana wa nyuma alinyosha mkono, akafikiri kitambo, akasema: "Ni yule anayeyajua mawe yote."